Siku Mbili za Kungoja Barafu Igande

Yaya Esperansi,

Riziki anaondoka Jumanne na bado sijamwambia ukweli. Nimemdanganya binti yako tangu siku tulipokuzika, sasa ni miezi saba, na kila nikifungua mdomo nimwambie, mdomo unajifunga wenyewe. Kwa hiyo nimeamua kuanza na wewe. Labda nikilisema kwanza kwa kalamu, kesho nitaweza kulisema kwa ulimi.

Ninaandika kwenye karatasi za mwisho za daftari lake la hesabu. Tumetoka ibadani, na yeye amekwenda kuwaaga wenzake wa shule ya Jumapili. Baba yake mkubwa, yule anayefanya biashara ng'ambo ya mpaka wa Kikagate, ametuma habari kwamba atakuja kumchukua akakae na watoto wake upande wa Tanzania. Sikubisha. Ningebisha kama nani? Mimi ni mtu uliyemwokota sokoni ukamfanya mdogo wako, na nikakuita yaya kama tunavyomwita dada mkubwa huko kwetu Kivu. Mbele ya watu wa ukoo, kuokotwa sokoni hakuhesabiki.

Nikupe habari za huku kwanza, maana najua ungeuliza friza. Friza haipo. Mwenye duka pale Base Camp, hapa kambini Nakivale, alinivumilia miezi mitatu baada yako, kisha akasema kona ya friza anataka kuweka magodoro. Friza ameipeleka Endiinzi kwa shemeji yake, na sasa inapoza maziwa ya ng'ombe. Siku wanaipakia nilisimama barabarani nikaitazama mpaka gari likapotea. Mikwaruzo ya kijiko chako bado ilikuwa kwenye ukingo wake, pale ulipokuwa ukibandua masinia yaliyong'ang'ania.

Lakini nisimsingizie mwenye duka. Kazi yetu ya barafu za matunda nilikuwa nimekwisha kuiua mwenyewe, na kwa upumbavu ambao ungekuchekesha mpaka ukae chini. Unakumbuka sheria yako ya kunusa. Ndizi ikiwa nyeusi ganda zima, uinuse kwenye kikonyo. Ikinukia asali, umenye. Ikinukia pombe, uwape mbuzi. Sasa mwezi wa pili baada yako matunda yalikuwa haba sokoni, na mume wa jirani yetu Mama Agnesi akaniambia anazo ndizi zilizoiva sana, amezitoa shimoni asubuhi ile ile. Wewe ungejua papo hapo. Mrundi akifukia ndizi shimoni na kuzifunika majani, hafanyi vile kwa ajili ya barafu za watoto, anatengeneza pombe. Mimi nilikuwa na mafua makali, pua imeziba kabisa. Nilimenya, nikagandisha, nikatwanga, nikazigandisha tena, nikazipeleka kanisani kwa watoto wa shule ya Jumapili.

Mke wa shemasi alilamba moja. Akalamba tena, kama anayehakikisha. Kisha akapita mstari mzima akiwanyang'anya watoto mikononi, na mimi nikaitwa mbele ya kina mama. "Zawadi, weye unalewesha batoto mu nyumba ya Mungu?" Nikasema ni mafua. Hakuna aliyeniamini isipokuwa Mama Agnesi, naye ni Mkatoliki, ushuhuda wake haukunisaidia kitu. Yeye alicheka hadi akashika ukuta. Tangu siku ile kina mama wakiona sinia langu wanawashika watoto wao mkono.

Sasa watoto wananunua zile barafu za mifuko zinazoletwa kutoka Mbarara ndani ya sanduku, nyekundu na kijani. Ulikuwa ukizipita sokoni na kusonya. "Ile si tunda. Batoto banakunywa rangi." Banakunywa, yaya. Ndimi zao ni nyekundu kutwa nzima, na matunda yanaoza pale pale nyuma ya meza za wauzaji, maembe, mapapai, mapera, na hakuna anayeinama kuyaokota. Nami siinami tena. Nikipita natazama mbele.

Pale nyuma ya meza ndipo uliponikuta. Nilikuwa nauza ndizi za mtu mwingine, soko linafungwa, nikashika kichana kilichokwisha kuwa cheusi ili nikitupe jalalani, ukanidaka kifundo cha mkono kwa nguvu, nikadhani ni askari. "Unatupa nini weye? Iyi haiko mubaya, iko imechoka tu." Sikuwa na mtu kambini. Nilikuwa sijaguswa mkono na mtu kwa wiki nyingi. Nilikufuata nyumbani nikiwa nimebeba kichana kile, na nadhani ningekufuata hata kama ungeniambia nibebe mawe.

Ulikuwa na vinu viwili. Kimoja cha kutwangia sombe, kama nyumba yoyote ya kwetu, na kingine ambacho hakijawahi kuona jani la muhogo wala kitunguu. Siku ya kwanza kabisa ulinionya, "Sombe ikiingia mu hiki kinu, na weye utatoka mu nyumba." Ukanifundisha kumenya ndizi zilizolainika bila kuzivuruga, kuzikata vipande vya unene wa kidole, kuzipanga kwenye sinia zisigusane. Zigande. Kisha kuzitwanga zikiwa bado ngumu, haraka, mchi ukiwa umelala frizani pamoja nazo ili usije na joto, mpaka vipande vile viache kulia na viwe laini kama siagi. Sikuamini siku ile. Nilikutazama usoni nikidhani umetia maziwa nikiwa nimegeuka. Papai ulilikamulia limau. Embe lenye nyuzi ulilipitisha kwenye chujio. Nanasi lililoanza kuchoma ulimi ulilichanganya na ndizi ili litulie. Nilipotaka kutia sukari ulinipiga mkono na mwiko. "Sukari iko mule ndani. Iache itoke yenyewe." Ukachonga vijiti vya matete, ukachomeka kimoja kimoja, ukarudisha frizani. Na sheria iliyo juu ya zote, ile niliyoishika kuliko Amri Kumi: "Yenye haiyaganda, haitoke mu nyumba." Barafu laini ilikuwa aibu kwako kama kumpa mgeni chakula kibichi.

Nataka ukumbuke kwamba wewe ndiye uliyenifundisha hivyo. Nitakuja kwenye jambo hilo.

Ulipoanza kuugua, ulikuwa ukishika shingo. Ukala ugali kidogo, ukaacha. Ukawa unakunywa uji, ukaacha. Kina mama wa kanisa walikuja wakaomba na kuweka mikono, na wakati wanaomba nilikuona unameza mate kwa shida kama mtu anayemeza jiwe. Kliniki ya kambi ikakuandikia karatasi ya kwenda hospitali kubwa ya Mbarara, na daktari wa huko alisema uvimbe ulikuwa umekaa siku nyingi. Hakusema zaidi. Mama Agnesi akaacha shamba lake akaja kukuuguza, akalala chini ya kitanda chako kwenye mkeka, Mrundi ambaye hata hamkuwa mkielewana kuhusu mipaka ya bustani. Mimi nilibaki na Riziki na friza. Kitu kimoja tu ndicho kilichokuwa kinapita kooni mwako, barafu yako mwenyewe. Tukakubaliana kila Alhamisi nitakuletea.

Nilikuwa hodari, yaya, lazima nijisifu maana hakuna mwingine atakayenisifu. Nilishindilia barafu ya ndizi ndani ya termosi, termosi nikaiweka ndani ya ndoo yenye mabonge ya barafu na chumvi, ndoo nikaizungushia majani makavu ya migomba, juu nikafunga blanketi. Askari wa geti la hospitali alinisimamisha Alhamisi ya kwanza. "Nyabo, wewe nabeba mtoto ao nabeba nini?" Nikamfungulia akaona, akacheka, akaniacha nipite. Baada ya hapo alikuwa akinisalimia kwa kuuliza hali ya mtoto.

Na wewe, umelala pale umebaki mifupa, ulikuwa bado mwalimu. Unaiacha iyeyuke ulimini, unafumba macho, unameza, kisha unanitolea hukumu. "Umetwanga mbio mbio. Iko na mabonge mingi." Mama Agnesi alikuwa akikukaripia kwamba mtu ametoka Nakivale na ndoo kichwani na wewe unamkosoa. Mimi nilifurahi. Nilijua ukiacha kunikosoa ndipo mambo yamekwisha.

Alhamisi ya tatu gari liliharibika njiani, jua likatupiga, na nilipofungua termosi pembeni ilikuwa imelainika. Ukaichota kwa kijiko, ikadondoka. Ukanitazama na ile kona ya mdomo iliyokuwa ikicheka kabla yako. "Zawadi, leo umeniletea uji?"

Ulikuwa unatania. Ninajua ulikuwa unatania. Uliimaliza yote na ukakwangua termosi. Lakini lile neno liliniingia, nikarudi nalo nyumbani, nikaapa kwamba Alhamisi ijayo nitakuletea barafu ambayo hujapata kuiona.

Jumatano ile Riziki alinisaidia. Alikwenda mwenyewe sokoni akachagua ndizi, akanusa kila kikonyo kama ulivyomfundisha, akarudi na kichana kimoja cheusi tii. Akasema hizi ni za mama, nisichanganye na za kuuza. Tulizimenya pamoja. Nilikuwa nimezipanga tu kwenye sinia na kufunga mfuniko wa friza wakati umeme ulipokatika.

Alhamisi asubuhi umeme haukuwepo. Ndizi zilikuwa baridi, zimelegea. Ningeweza kuziponda kwa uma, nikazitia kwenye termosi, nikapanda gari. Saa sita ningekuwa kwako. Nilijiambia maneno haya, nayakumbuka moja moja: siwezi kumpelekea yaya uji mara ya pili. Nikakaa dukani nikisubiri. Nilikuwa nikifungua mfuniko kila saa kutazama, na kila nikifungua natoa ule ubaridi uliobaki. Mwenye duka aliniambia niende tu. Nikamwambia isiyoganda haitoki. Nilimwambia kwa majivuno, yaya. Nilidhani ninakuheshimu.

Ijumaa alasiri umeme ulirudi. Jumamosi alfajiri ndizi zilikuwa ngumu, nikazitwanga taratibu, hakuna bonge hata moja, nikapanda gari la kwanza. Askari akaniuliza mtoto hajambo. Nikamwambia hajambo, leo amenenepa. Nikapanda ngazi. Kitandani kwako alikuwa amelala mwanamke mwingine.

Mama Agnesi alinikuta kwenye korido, na furushi lako mkononi. Aliniambia ulikata roho Ijumaa jioni. Aliniambia pia kwamba Alhamisi yote uligeukia mlango, na Ijumaa asubuhi uliuliza kwa sauti ya kukwaruza, "Zawadi amefika?" Maji ya kijiko yalikuwa yanarudi. Hukutia kitu tumboni siku zile mbili. Alinieleza polepole, bila kunilaumu. Heri angenizaba kofi.

Nilirudi wodini nikafungua termosi. Ilikuwa imeganda vizuri kuliko zote nilizowahi kutengeneza maishani mwangu. Yule mwanamke wa kitandani kwako aliitazama, hivyo nikampa. Alikula, akasema asante, akasema hakijawahi kupita kitu kitamu namna ile kooni mwake. Nikamchukia kwa moyo wangu wote. Hata jina lake sikumuuliza.

Nakulaumu na wewe, yaya. Nisiseme uongo hata hapa. Wewe ungekula uji ule, ungekula hata maji yake, na ulijua kwamba mimi ni mtu ninayeshika neno kama mbwa anavyoshika mfupa. Kwa nini ulinitania?

Tulikurudisha, tukakuzika. Udongo ulikuwa bado mbichi Riziki aliponivuta kitenge. "Mama alikula ile yangu?" Yaya, alikuwa amesimama na viatu vya kuazima. Nikamwambia alikula yote. Akauliza alisema nini. Nikasema ulisema ni tamu, haina mabonge, na kwamba ulijua ni yeye aliyechagua ndizi.

Nilidhani ni neno la siku moja la kumtuliza mtoto. Lakini ameliotesha. Aliwasimulia shuleni. Wiki iliyofuata alisimama kanisani wakati wa ushuhuda, mtoto wa miaka tisa, akasema mama yake alikula barafu aliyomchagulia kisha akaenda kwa Mungu akiwa ameshiba, na kanisa zima likaitikia amina. Hata mke wa shemasi alifuta machozi. Mama Agnesi amekaa kimya kwa sababu nilimwomba. Na kila mara Riziki akiwa na huzuni anakuja kukaa karibu nami na kusema, nieleze tena vile mama alikula. Namweleza. Kila mara naongeza kitu. Kuna siku nilisema ulicheka. Kuna siku nilisema ulimwimbia.

Siwezi kumwacha avuke mpaka na kitu nilichokitengeneza mimi. Akiwa mkubwa, Mama Agnesi au mtu mwingine atamwambia, nami sitakuwepo, naye atadhani na mengine yote niliyomwambia kukuhusu yalikuwa uongo. Nitamwambia kesho. Naweka kalamu chini, namsikia anakuja.

*

Ni Jumanne mchana. Wameondoka.

Jumatatu sikuweza. Nilifua nguo zake, nikazikunja, nikazikunjua, nikazikunja. Leo asubuhi baba yake mkubwa alikuwa anafunga mizigo kwenye pikipiki, na Riziki akaja akaketi kando yangu kwenye kizingiti. Akasema, "Nieleze tena ya mwisho."

Nikamwambia. Sikuyapamba. Nikamwambia umeme ulikatika, nikangoja siku mbili ili igande, nilipofika ulikuwa umekwisha kuondoka, na ndizi zake nilimpa mgonjwa mwingine. Nikamwambia ya kucheka na ya kuimba ni mimi niliyeyatunga. Nilikuwa natazama miguu yangu.

Kisha akauliza, "Kumbe alikufa na njaa?"

Nikasema ndiyo.

Hakulia. Nilikuwa nimejiandaa kwa kilio, nilikuwa hata nimeshika kitambaa. Alitazama kule barabarani ambako wenzake wa shule ya Jumapili walikuwa wamesimama wakingoja kumpungia, na sura yake ilikuwa ya mtu mzima, sura yako hasa unapopiga hesabu ya jambo gumu. Akaniambia kwa sauti ya chini, "Bantu usibaambie. Bote banajua alikula."

Nikamwambia sitawaambia. Akanifanya niape. Kisha akaenda akapanda pikipiki, akawapungia wale wote, mimi hakunipungia. Sijui kama ni kwa sababu alisahau. Nasema hivyo tu, ninajua hakusahau.

Nilidhani nikishasema ukweli nitapumua. Sijapumua. Nimempokonya chakula cha mwisho cha mama yake, na ameondoka akiwa na miaka tisa na siri ya kubeba, na mimi nimebaki hapa na uongo ule ule, sasa si wa kuchagua tena, nimeuapia. Hata Mama Agnesi nimekwenda kumwomba upya, naye amesema sawa, lakini hakunikaribisha ndani.

Pumzika, yaya wangu. Uliponidaka mkono sokoni ulidhani umepata mtu wa maana, na nasikitika kwamba nilikuwa mimi. Barua hii nitaichoma, ndipo mahali pekee nilipoweza kusema bila kuvunja kiapo. Ahadi niliyonayo ya kukupa si ya friza wala ya kinu. Ni ile niliyompa mwanao, na nitaishika mpaka kufa, kanisani, sokoni, kwa yeyote atakayenisimamisha njiani. Wakiniuliza, nitasema ulikula yote.

Mdogo wako,
Zawadi